Filimbi Inapokataa: Kasoro Husikika Chini, Chanzo Kiko Juu

Mwenye filimbi mbovu huja kwa fundi na lalamiko linalofahamika: noti za chini hazitoki. Hupiga G, ikatoka. F inasitasita. E ina upepo mwingi kuliko sauti, D inapasuka na kurukia oktavu ya juu, C haisikiki kabisa. Kisha hunyoosha kidole kwenye kifuniko cha mwisho, kule mguuni mwa filimbi, akasema hapo ndipo palipoharibika. Wengine huwa wamekwisha kuingiza bisibisi papo hapo kabla ya kuomba msaada. Kumbe kifuniko cha C mara nyingi ni kizima. Kasoro iko juu zaidi, huenda kwenye kifuniko kidogo ambacho mpigaji hakigusi hata kwa kidole.

Hapa nazungumzia filimbi ya Ulaya yenye vifuniko, ile inayoshikwa kwa ubavu na kupigwa katika bendi za shule, za makanisa na za majeshi, ingawa mwishoni nitagusa pia filimbi za mwanzi. Hoja yangu ni kwamba noti inayosikika vibaya haitoshi kukuonyesha mahali pa kutengeneza. Anayetengeneza pale anaposikia kasoro huharibu sehemu nzima na kuiacha ile mbovu vilevile.

Sababu iko katika umbo la chombo. Filimbi ni hewa iliyofungiwa ndani ya bomba lenye urefu wa karibu sentimita 67 na kipenyo cha ndani cha milimita 19. Mpigaji anapopuliza kwenye ukingo wa tundu la mdomo, hewa hiyo hutikisika, na kimo cha sauti hutegemea urefu wake kutoka mdomoni hadi tundu la kwanza lililo wazi. Matundu mengi yakiwa wazi, hewa inayotikisika ni fupi na sauti ni ya juu. Yakizibwa yote, hewa ni ndefu na unapata C ya chini, inayotikisika takriban mara 262 kwa sekunde. Kwa hiyo C hiyo haiwezi kutoka mpaka kila tundu la juu yake liwe limezibwa sawasawa. Moja likivuja kidogo, hata kwa uwazi usioonekana kwa macho, C hudhoofika. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: maji hutoka kwa unyonge mwishoni, lakini tobo liko katikati. Noti ya chini kabisa hubeba mavujo yote ya filimbi nzima, ndiyo maana huwa ya kwanza kulalamika.

Theobald Boehm, mpigaji filimbi wa Munich aliyekuwa pia sonara, ndiye aliyeupa mfumo huu sura tunayoijua. Mwaka 1847 alitoa filimbi yenye bomba la mviringo sawa na matundu makubwa yaliyowekwa pale fizikia ya sauti ilipotaka, si pale vidole vilipofika kwa urahisi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kazi yake ni kushikilia tu, kwa hiyo vidole tisa vinapaswa kutawala matundu mengi kuliko idadi yao. Suluhisho lake lilikuwa kuunganisha vifuniko kwa fito na mikono midogo ya chuma, ili kidole kimoja kikibonyeza kifuniko kimoja, kingine kishuke pamoja nacho. Ni werevu mkubwa, na filimbi zinazotengenezwa leo bado zinaufuata. Lakini muungano huo ndio unaofanya kasoro zihame, maana kidole chako kinaweza kuwa kimeziba vizuri, na mwenzake aliyefungamana nacho akabaki wazi kidogo bila wewe kujua.

Kabla ya kufika huko, kuna swali ambalo watu wengi hulikwepa kwa heshima au kwa haraka: je, ni filimbi au ni mpigaji? Njia ya kulijibu ni rahisi na haimdhalilishi mtu. Mpe filimbi hiyo mpigaji mwingine, nawe upige ya kwake. Kasoro ikifuata chombo, tafuta kwenye chombo. Ikifuata mtu, bisibisi ikae mbali. Makosa mawili ya vidole hupita miaka bila kugunduliwa. La kwanza ni kusahau kuinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto unapopiga D na E flati za kati. Noti inatoka, lakini ni butu na imeziba koo, na mwanafunzi huamini kwamba filimbi yake ndivyo ilivyo. La pili ni kidole kidogo cha kulia, kinachotakiwa kubonyeza kibonyezo cha E flati kwa noti nyingi za filimbi na kukiachia kwenye D. Walimu wengi hufundisha hilo siku ya kwanza na hawarudi kulikagua tena.

Mdomo nao una sehemu yake. Ukiigeuzia filimbi ndani, kuelekea kwako, mdomo unafunika tundu zaidi na sauti inashuka. Ukiigeuzia nje, inapanda. Ukipuliza kwa nguvu inapanda, ukipuliza kwa ulegevu inashuka, na wanaoanza kwa kawaida hupiga noti za juu zikiwa zimepanda na za chini zikiwa zimeshuka. Hizo si kasoro za kupeleka kwa fundi. Noti ambayo inatoka vizuri ila haikai kwenye kimo chake ina chanzo tofauti kabisa na noti inayokataa kutoka. Ya kwanza inahusu mdomo, joto, kizibo cha kichwani au hesabu za mtengenezaji. Ya pili, mara nyingi sana, ni uvujaji. Ukizichanganya hizo mbili utatafuta siku nzima.

Joto tuliangalie vizuri, maana kwetu hali ya hewa hutofautiana sana. Sauti husafiri hewani kwa mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na mita 349 kwenye nyuzi 30. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa bomba lenye urefu usiobadilika inapandisha kila noti kwa karibu senti 30, yaani takriban thuluthi moja ya nusu toni. Pumzi ya mpigaji ni ya joto tayari, hivyo hewa iliyo ndani haibadiliki kiasi hicho chote. Hata hivyo, filimbi iliyotuniwa asubuhi ya baridi jijini Nairobi haitakubaliana na kinanda mchana wa Mombasa. Nyuzi za piano hazipandi na joto; zikipashwa moto hulegea kidogo na kushuka. Ndipo mpiga filimbi hulaumiwa kwa jambo la fizikia. Dawa yake ni kuipasha filimbi kwa dakika chache za kupiga kwanza, kisha kukivuta kichwa, yaani kipande chenye tundu la mdomo, nje kidogo kama sauti imepanda, au kukisukuma ndani kama imeshuka. Kutuni chombo cha baridi ni kujidanganya.

Ila kuvuta kichwa kuna mpaka. Bomba likirefushwa, noti zilizo karibu na kichwa huathirika zaidi kuliko zilizo mbali, kwa sababu sentimita moja ni sehemu kubwa ya urefu mfupi na sehemu ndogo ya urefu mrefu. Ndipo C shapu ya kati, ambayo tayari hupenda kupanda kwenye filimbi nyingi, inaposhuka sana huku D ya chini ikibaki pale pale. Hali iliyo kinyume iko katika filimbi nyingi za zamani. Ziliundwa kwa A yenye kimo cha mitikisiko 435 kwa sekunde, kisha kimo cha kimataifa kilipokuwa 440, kilichopitishwa katika mkutano wa London mwaka 1939, watengenezaji wengine walikata kichwa tu bila kupanga upya matundu. Matokeo yake ni filimbi ambayo noti za mkono wa kushoto ziko juu na za mkono wa kulia ziko chini, kila siku, kwa kila mpigaji. Albert Cooper wa London alifanya kazi kubwa katika nusu ya pili ya karne iliyopita kuzihesabu upya nafasi hizo, na watengenezaji wengi wa leo wamefuata nyayo zake. Ukikuta filimbi kuukuu ya Uingereza iliyopigwa muhuri wa HP, jua ilitengenezwa kwa bendi zilizotuni A karibu na 452. Hiyo haitarekebishika ili icheze na kinanda cha leo. Itunze kama kumbukumbu.

Kizibo cha kichwani huathiri mambo mengi, nacho hakionekani kwa nje. Ndani ya kichwa, upande wa taji (kofia ya mwisho wake), kuna kipande cha koki kinachofunga bomba. Umbali wake kutoka katikati ya tundu la mdomo unatakiwa uwe karibu milimita 17. Fimbo ya kusafishia inayokuja na filimbi ina mstari uliochongwa karibu na ncha yake. Iingize kichwani mpaka iguse kizibo, na mstari uonekane katikati kabisa ya tundu. Usipoonekana hapo, oktavu hazitakubaliana zenyewe kwa zenyewe: D ya chini itakuwa sawa, ya kati imekosea kidogo, ya juu imepotea. Watoto hupenda kuchezea taji kwa sababu linazunguka, na kila wanapolikaza linavuta kizibo kuelekea nje. Koki pia hukauka na kusinyaa kwa miaka. Ziba mwisho wa kichwa kwa kiganja, weka midomo kwenye tundu na uvute hewa: kama kizibo ni kizima, mvuto utashika kwa muda. Mvuto ukiachia mara moja, koki imekwisha, nayo ni kazi ndogo na ya bei nafuu kuibadilisha.

Sasa uvujaji, ambao ndio chanzo cha malalamiko mengi. Chini ya kila kifuniko kuna pedi ya kitambaa kizito cha sufu, iliyofunikwa kwa utando mwembamba ambao kwa desturi hutokana na utumbo wa ng'ombe. Utando ukichanika au pedi ikijipinda, tundu halizibwi. Namna ya kuutafuta ni kuanza na B ya katikati ya mistari, yenye vidole vichache, kisha kushuka nusu toni moja moja kwa sauti ya chini, ukipuliza kwa upole na kubonyeza kwa wepesi. Wepesi huo ni muhimu. Mpigaji ambaye filimbi yake inavuja hujifunza bila kujua kubana vidole kwa nguvu, na nguvu hiyo huficha kosa. Pale ambapo sauti inaanza kudai juhudi zaidi kuliko noti iliyotangulia, simama. Mtuhumiwa ni kifuniko ulichokifunga hivi punde au yule aliyeunganishwa nacho. Noti zote za chini yake ni wahanga tu.

Kisha chukua karatasi ya kusokotea sigara, ukate ukingo wenye gundi, ukate tena kipande chembamba. Kiweke chini ya ukingo wa pedi, shusha kifuniko kwa uzito mdogo, kivute polepole. Rudia mbele, nyuma, kushoto na kulia. Karatasi inatakiwa ishikwe kwa nguvu ileile pande zote. Inapoteleza bila kushikwa, hapo ndipo hewa inapotoka. Sijaona kifaa cha bei rahisi kuliko hiki kinachosema ukweli mwingi hivi.

Miunganisho ndiyo inayowachanganya hata mafundi wa saa na wa redio wanaoombwa kusaidia. Kifuniko cha F shapu hakina kidole chake. Hushushwa na F, na E, na D. Kwa hiyo F ya chini ikiwa mbovu huku F shapu ikiwa nzima, tatizo ni muungano wa F na F shapu. F shapu ikiwa mbovu huku F ikiwa nzima, angalia muungano wa D, maana F shapu hupigwa kwa kidole cha pete. Kifuniko cha A nacho hushusha kile cha B flati, na F hukishusha kilekile pia. Ukiweza kumwomba mtu abonyeze kifuniko cha F shapu moja kwa moja unapopiga F, na sauti ikajaa ghafla, umeshapata jibu.

Filimbi nyingi za wanafunzi zina skrubu ndogo sana kwenye miunganisho hiyo. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukikaza skrubu ya F kupita kiasi, kifuniko cha F shapu kitafika chini kwanza, na cha F chenyewe kitabaki juu kwa unene wa karatasi. Umeondoa uvujaji mmoja na kuzaa mwingine mahali ambapo hukupagusa. Anayejua kazi huzungusha kidogo mno, hupima kwa karatasi kwenye vifuniko vyote viwili, na hupiga noti kabla ya kuzungusha tena. Mtu asiye na subira hiyo asishike bisibisi.

Usisahau vifuniko vya juu ambavyo hukaa vimefungwa vyenyewe kwa springi: kile cha G shapu na vile viwili vidogo vya kupigia mitetemo karibu na kichwa. Springi ikilegea au pedi ikizeeka, vinavuja kimya kimya, na kwa kuwa viko juu, karibu noti zote huumia. Kile cha G shapu hupenda pia kunata. Vinywaji vitamu ndivyo vinavyosababisha hilo, kwa hiyo mpigaji asukutue mdomo kwa maji kabla ya kupiga. Pedi ikinata, weka karatasi ya sigara chini yake, bonyeza kwa upole ili inyonye unyevu, fungua, kisha iondoe. Ukiichomoa kwa nguvu pedi ikiwa imefungwa, utachana utando.

Pwani, unyevu na hewa ya chumvi huongeza kazi. Pedi hunyonya unyevu na kubadilika umbo, na filimbi iliyorekebishwa Tanga inaweza kuhitaji kuangaliwa tena ikihamia Arusha. Springi za chuma hushika kutu na kukatika. Mpira mwembamba unaweza kushikilia kifuniko kwa onyesho moja la jioni, si zaidi. Baada ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu ndani ya bomba kwa fimbo, kisha usikihifadhi kitambaa hicho chenye maji ndani ya kasha pamoja na filimbi. Weusi unaoingia kwenye fedha hauna madhara kwa sauti. Dawa za kung'arishia zina madhara, maana huingia kwenye pedi na kwenye mihimili. Mihimili huhitaji tone dogo sana la mafuta mepesi kwa ncha ya sindano, mara chache kwa mwaka. Mafuta ya nazi hayafai hata kidogo: huganda yakifika chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi moja ya baridi inatosha kuvifanya vifuniko viwe vizito. Na filimbi ishikwe mahali pasipo na vifuniko inapounganishwa, kwa sababu fito zilizopinda hazirudishwi na mtu asiye fundi.

Filimbi za mwanzi hazina springi wala skrubu, lakini kanuni ni ileile. Chivoti ya Wadigo, au nai iliyopata nafasi katika taarabu, ikipasuka ufa mwembamba karibu na mdomo, noti zote zilizo chini ya ufa zinaharibika hata kama matundu ya vidole ni mazima. Kiangazi kikali hufanya mwanzi upasuke. Uzi uliokazwa na kupakwa nta au gundi huuziba. Tundu likipanuliwa noti yake hupanda, na likipunguzwa kwa nta hushuka, kwa hiyo mtengenezaji mwerevu hutoboa tundu dogo kwanza na kulipanua polepole akisikiliza.

Hapa kuna onyo ambalo walimu wanaotegemea programu za simu wanapaswa kulizingatia. Mshale wa simu hupima kila kitu kwa mgawanyo wa piano, ambao wenyewe ni maafikiano: tatu kuu ya piano imepanda kwa karibu senti 14 juu ya ile inayotulia kabisa sikioni. Katika Rast inayoanzia C, mojawapo ya maqam (ngazi za muziki wa Kiarabu), daraja la tatu hukaa katikati ya E flati na E. Mpiga nai anayeipiga hapo amepiga sawasawa, na simu inayosema amekosea haijui muziki huo. Chivoti nayo ina ngazi yake. Anayeitoboa upya ili ilingane na kinanda amepoteza chombo.

Kinachonisikitisha ni filimbi zilizolala kwenye stoo za shule. Nyingi zilifika kama msaada, bila fungu lolote la matengenezo, na zikaandikwa mbovu siku noti za chini zilipokataa. Sehemu ya hizo zinahitaji koki mpya, pedi mbili, au robo ya mzunguko wa skrubu moja. Anayetoa msaada wa vyombo na atoe pia gharama za fundi, na shule zilizo jirani zinaweza kuchanga kumwita mmoja kwa mwaka. Mwalimu wa bendi hahitaji kuwa fundi. Kabla hujaandika "mbovu" kwenye daftari la vifaa, kagua kizibo kwa fimbo, anza na B, shuka noti moja moja ukibonyeza kwa wepesi, na uandike sauti ilipoanza kudhoofika. Fundi akipata taarifa hiyo, nusu ya kazi yake imekwisha.